Mnaotaka kukimbia Dar hadi Mwanza: hiyo lita moja kila saa ifuteni kabla hamjatoka Kimara

Mkuu, bandiko lako nimelisoma mara mbili. Mko marafiki saba, mnataka kukimbia Dar hadi Mwanza mwezi wa nane kwa siku 30, na unauliza viatu pea ngapi, kibali mnaomba wapi, mkimbie upande gani wa barabara, mkishavuka Manyoni mlale wapi, na bajeti. Maswali mazuri, wengine watakujibu. Mimi nimekwama pale chini ulipochomekea, kama jambo lisilo na mjadala: "Kuhusu maji tumejipanga, kila mtu lita moja kila saa, awe na kiu asiwe nayo." Hayo maneno ndiyo yaliyotaka kunizikia shemeji.

Sisi tulikuwa watano, Dar hadi Dodoma, kilomita kama 450, siku kumi. Wanariadha hakuna: fundi friji, mwalimu, wawili wa kushinda ofisini, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anayeuza vipuri Kariakoo. Tulianza na jogging za Jumapili, tukamaliza nusu marathoni mbili, vichwa vikavimba. Tukakodi Noah na dereva, tukachanga hela ya gesti. Ubaya ulianza tulipomlipa "kocha" mmoja elfu hamsini kila kichwa atutengenezee programu.

Simtaji jina, maana ana mdomo kuliko mimi. Programu yenyewe ilikuwa kurasa sita ambazo baadaye niliona kaziokota mtandaoni, hata picha ya mzungu kwenye theluji hajaitoa. Theluji, Chalinze! Ukurasa wa tatu uliandikwa kwa herufi kubwa: ukisikia kiu umeshachelewa, lita moja kila saa, mkojo uwe mweupe kama maji ya bomba. Akatuuzia na fulana zimechapwa mgongoni USISUBIRI KIU. Elfu kumi na tano moja. Tukanunua, tukapiga picha, tukafurahi kama watoto wa kipaimara.

Siku ya kwanza tulitoka Kimara tukalala Mlandizi, ya pili tukaingia Chalinze. Njiani pale Vigwaza malori yalikuwa yamepanga foleni kwenye mizani, na sisi tukapita pembeni tukiwacheka madereva. Shemeji akasema hawa wanapimwa kwa sababu hawaaminiki. Kumbe aliyezidisha mzigo siku ile alikuwa yeye.

Siku ya tatu tukaondoka Chalinze saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu, tukiwa tumeikaribia Mdaula, nikamwona anaizungusha pete yake ya ndoa, haitoki, haizunguki. Ananiambia, "Shemeji, vidole vimenenepa." Nikamjibu ni joto. Saa nne kichwa kinamgonga. Nikampa maji. Hakuwa amekojoa tangu alfajiri, kwa hiyo wote tukajua maji yamemwishia mwilini. Saa tano akainama pembeni ya lami akatapika, na alichotapika hakikuwa chakula, kilikuwa maji meupe kabisa, ungeweza kuyateka ukayafulia.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana kosa lenyewe ni hili, mengine yote ni mbwembwe. Alikataa kunywa. Alisema "sitaki" mara tatu, akafunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Mwili wake ulikuwa unajua. Mimi mwenye fulana ya USISUBIRI KIU nikamshikia chupa mdomoni nikamwambia, "Kunywa au nampigia dada yako." Akanywa chupa nzima ya lita moja na nusu, kwa adabu, kwa sababu mimi ni shemeji yake na anamwogopa dada yake. Dakika ishirini baadaye akageuka akaanza kutembea kurudi Chalinze. Nikamkimbilia. Akamwangalia dereva wetu wa Noah akamuuliza, "Konda, Kariakoo bado?"

Tukacheka, wakuu. Sitaficha. Sekunde tano hivi tulicheka.

Tukampeleka zahanati ya karibu. Nesi, Mungu ambariki, aliuliza swali lililostahili: amekunywa maji kiasi gani? Tukamjibu watano kwa pamoja, kwa ukali, "Kidogo! Muwekee dripu!" Mtu ana maji mpaka kooni, sisi tunadai aongezewe mengine kwa njia ya mshipa. Tulimpigia kelele yule dada mpaka akaweka. Chupa haijafika nusu, shemeji akakaza taya, macho yakageuka, degedege. Mtu mzima wa miaka 38. Sauti niliyoitoa pale hadi leo mwalimu ananiigiza kwenye vikao, na sijawahi kuona kinachochekesha.

Hospitali Morogoro, daktari kijana kabisa akauliza swali lile lile. Safari hii tukaenda kuhesabu chupa tupu alizozitupa kwenye siti ya nyuma ya Noah. Tano za lita moja na nusu. Lita saba na nusu kabla ya adhuhuri, bila kuhesabu dripu. Daktari akaamuru dripu itolewe. Kipimo cha damu kikarudi: chumvi, ile wanayoiita sodiamu, ilikuwa 118. Inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Wakamchoma maji ya chumvi kali, kidogo kidogo, kwa saa, huku wanampima. Pete ilibidi ikatwe. Alivyoanza kukojoa usiku ule tuliacha kuhesabu vyombo, na uzito wake ukashuka kilo tatu na nusu hapo hapo kitandani. Yaani mtu amekimbia siku mbili na nusu juani, akanenepa.

Nikakaa kwenye benchi la wodini usiku kucha nasoma kwenye simu, kitu ambacho kocha wetu hakuwahi kukifanya. Ukikimbia kwa saa nyingi mwili unatoa homoni ya kushikilia maji, figo zinafunga bomba. Kwa hiyo kutokojoa siyo ushahidi kwamba umekauka. Ukiendelea kumwagia maji, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Na wanaopatikana zaidi siyo akina Alphonce Simbu, wale mabingwa wa marathoni. Ni sisi wa mwendo wa kobe, wenye muda wa kunywa kila baada ya mti. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 pale mwisho wa mbio, asilimia 13 chumvi ilikuwa 135 au chini ya hapo. Na mbio zile zile mwanamke wa miaka 28 alikufa kwa jambo hili. Alikuwa anakunywa vile vinywaji vya wanamichezo, kwa hiyo usiniambie "sisi tutatumia vya chumvi". Hata maji ya ORS yana chumvi pungufu kuliko damu yako. Ukiyanywa kama ng'ombe kisimani yanakuzimua vile vile.

Asubuhi nikampigia kocha. Unajua alinijibu nini? Kwamba shemeji "mwili wake ulikuwa dhaifu tangu mwanzo". Mtu anayebeba gearbox begani Kariakoo! Nikamwambia maneno ambayo modereta atayafuta nikiyaandika hapa, akanifungia namba. Juzi nimeona anatangaza programu mpya, Kilimanjaro mara hii, picha ya theluji ni ile ile. Angalau sasa inaendana na mazingira.

Kwa hiyo mkuu, kanuni ni moja: kunywa ukisikia kiu, ikikatika acha. Sijasema msinywe. Atatokea mtu hapa chini aseme nimewakataza maji juani, asome tena. Kiu siyo adui, kiu ni mita ya mwili. Mtoto anaijua, mbuzi anaijua, sisi tukalipa elfu hamsini tufundishwe kuipuuza.

Na nunueni mizani. Ile ya kawaida ya kupimia uzito, ya kusimama juu yake, kaeni nayo kwenye gari. Kila mtu apimwe alfajiri kabla ya kutoka, tena mchana, tena jioni, na nguo zile zile, na aandike daftarini mtu mmoja asiyependa utani. Mtu wa kilo 75 akirudi na 74 au 73 na nusu, ni kawaida, atakula atalala itarudi. Akishuka zaidi ya hapo, kaeni kivulini anywe na ale. Akirudi na 76, huyo hapewi hata tone mpaka akojoe, hata akilalamika. Na akiwa amepanda uzito halafu kichwa kinamuuma, au anatapika, au anakuuliza Kariakoo bado, msimnyweshe, msidai dripu, gari liwashwe liende hospitali yenye kipimo cha damu, na mkifika sentensi ya kwanza iwe: "Amekunywa lita kadhaa, tunahofia chumvi imeshuka." Hesabu ya chupa iwe mkononi. Sisi tulipoteza zaidi ya saa nzima kwa sababu ya "kidogo!"

Na diklofenaki asubuhi kwa ajili ya magoti, acheni. Shemeji alimeza mbili. Dawa za jamii hiyo zinazibana figo hizo hizo.

Mwaka uliofuata tulirudi. Wanne, pamoja na shemeji, tukaanzia pale pale Mdaula, na mizani yetu ya elfu thelathini tuliyoifunga kwa mpira juu ya magodoro. Tulipita Mikese, Dumila, ule mpando wa kuelekea Gairo ambao sitaki hata kuukumbuka, Kibaigwa, tukaingia Dodoma wote wanne kwa miguu yetu. Kuna siku nilikunywa lita mbili tu mpaka saa saba, kuna siku nne. Joto ndilo liliamua, siyo karatasi. Tulikula supu na chapati asubuhi, karanga na ndizi njiani, ugali usiku. Kuhusu nyumbani, mpaka leo nikimwekea shemeji glasi ya maji mezani anaisogeza kwangu anasema, "Onja wewe kwanza." Fulana yangu mke wangu anadekia jikoni. Maandishi hayajafutika, elfu kumi na tano ilikuwa halali.

Ulikuwa umeuliza nini vile? Upande wa barabara: kulia, mwone gari linalokuja usoni. Viatu pea mbili, zidisha namba moja maana miguu itavimba tu. Mengine yamenitoka.

Hiyo ratiba ya lita moja kila saa uliyosema mmeshachapisha mgongoni mwa fulana (nimecheka, nisamehe), igeuzeni ndani nje. Na mkifika Vigwaza mkakuta malori yamepanga foleni, simameni na nyie pembeni, shusheni mizani yenu, mpande mmoja mmoja. Askari akiuliza, mwambieni mnapima mzigo.