Kabla hujaikataa New Jersey

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Mumewe ameitiwa kazi Newark, mji wa jimbo la New Jersey huku Marekani, na ndugu zao walioko Texas wanamshauri akatae, eti New Jersey ni matangi ya mafuta, harufu na foleni. Roho iliniuma, maana maneno hayohayo shemeji yangu alinirushia kwenye harusi kule Dallas, mbele za watu, kwamba tunaishi kwenye dampo la New York. Watu walicheka. Sijasahau.

Wanaosema hivyo wengi wamepita tu. Ukitua Newark ukashika barabara ya kulipia, unapita bandari ya Elizabeth, kisha kiwanda cha kusafisha mafuta cha Linden. Anayekimbilia Philadelphia hukumbuka hayo tu.

Tumebanana, ni kweli. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 9 kwenye eneo lisilofika nusu ya mkoa wa Morogoro, na hakuna jimbo lingine Marekani lenye msongamano huu. Lakini teremka kusini uingie Pine Barrens: zaidi ya ekari milioni moja za misonobari na mchanga, zinazolindwa kisheria tangu 1978. Humohumo, Whitesbog, ndiko kilimo cha bluberi, yale matunda madogo ya buluu, kilikoanzia. Mavuno ya kwanza yaliuzwa 1916. Mwezi wa saba tunakwenda Hammonton kuchuma wenyewe, na watoto wanarudi midomo ya zambarau. Hayo shemeji hajayaona.

Na sheli je? Sheria ya 1949 inakataza kujijazia petroli, na sasa New Jersey ni jimbo pekee lililobaki hivyo. Januari, nimetoka zamu ya usiku, theluji inapiga: nashusha kioo kidogo, natoa kadi, kijana mwenye glovu anajaza huku mimi niko kwenye joto langu. Nampa chochote, naondoka.

Sisi wakazi kilio chetu ni kodi ya majengo, ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Jimbo lina miji 564, na mingi ina shule zake na polisi wake, vyote vikitegemea kodi hiyo. Usidhani mpangaji amepona; mwenye nyumba anaiingiza kwenye pango. Kwa hiyo, dada yangu, usichague nyumba kwa picha. Uliza shule za mji huo. Uliza treni: ile iitwayo PATH inatembea saa 24 kati ya Newark, Journal Square ya Jersey City na Manhattan, New York, na mbeba boksi wa usiku anajua maana yake. Shule, narudia, uliza shule.

Na Wabongo tuache kuulizia mahali kwa mtu asiyekaa hapo. Tunakatishana tamaa bure, mtu anaacha riziki kwa maneno ya sebuleni.

Mumeo atangulie, apange karibu na kituo cha treni. Wewe na watoto mje shule zikifungwa Juni, mkiwa na kadi za chanjo. Hizo na mkataba wa pango ni miongoni mwa vitu watakavyovidai wakati wa kuandikisha watoto shule.