Wakongwe wa roki na nyimbo mpya: maswali yenu, majibu yetu

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: bendi ya roki yenye miaka 30, 40 au 60 kazini ikitoa nyimbo mpya leo, inauza? Au mashabiki wanataka vya zamani tu, na vipya ni kujifurahisha kwa wazee? Tumechukua maswali saba.

Albamu ya Rolling Stones, Hackney Diamonds, iliyotoka Oktoba 2023, ilishika namba 1 Uingereza na namba 3 Marekani. Si ushahidi tosha kwamba wakongwe bado wanauza kama zamani?

Wanauza, lakini namba ya wiki ya kwanza haipimi unachodhani inapima. Angalia hesabu yenyewe. Kuanzia 2018, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilihesabu kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,250 na watu wanaolipia huduma, hiyo ni sawa na albamu 1 iliyouzwa. Kwa wanaosikiliza bure pamoja na matangazo, ilihitajika mara 3,750. Santuri moja iliyonunuliwa dukani ni albamu 1 bila mjadala. Kwa hiyo mashabiki 20,000 wakinunua santuri siku ya Ijumaa inapotoka, wamelingana na usikilizaji wa kulipia mara milioni 25.

Sasa fikiria ni nani mwenye tabia ya kununua santuri siku ya kwanza. Ni mtu aliyeanza kuipenda bendi akiwa shule, leo ana kazi na pesa, na huenda akachukua nakala mbili kwa sababu ya pili ina jalada jingine. Wote hao wananunua ndani ya siku 7. Wiki ya pili wameshamaliza, na albamu inaporomoka. Ukitaka kujua kama nyimbo zimewafikia watu wapya, tazama wiki ya nne na ya kumi. Halafu tazama jambo jingine ambalo chati haionyeshi: miaka miwili baadaye, bendi yenyewe bado inaupiga wimbo huo jukwaani? Ukiona wameuacha, ujue nao wameona jinsi watu walivyoupokea.

Hackney Diamonds ni kazi nzuri, na mwaka 2025 ilipata Grammy ya albamu bora ya roki. Tunachosema ni kwamba namba 1 ya bendi kongwe inaonyesha jinsi mashabiki wake walivyo waaminifu. Hilo si dogo, ila si sawa na kupendwa na kizazi kipya.

Nimesikia kuna bendi zilikuwa zinagawa albamu bure kwa wanaonunua tiketi, kisha zinahesabiwa kwenye chati. Ni kweli?

Kweli kabisa. Ulikuwa ukinunua tiketi ya onyesho, bei ilibeba na albamu, na ukikubali kuichukua ilihesabika kama mauzo. Ndivyo This House Is Not for Sale ya Bon Jovi, iliyotoka 2016, ilivyorudi namba 1 Marekani mwaka 2018. Billboard ilibana kanuni hizo kuanzia Oktoba 2020: albamu iwe nyongeza ambayo mnunuzi anailipia kwa hiari yake, bei yake ikionekana. Ukisoma namba 1 za roki za miaka ya kabla ya hapo, zisome ukikumbuka hilo.

Kwenye onyesho, kila wakitangaza wimbo mpya, watu wanaenda kununua bia. Bendi kongwe ipige nyimbo mpya ngapi, na iziweke wapi?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, maana hapa ndipo albamu inapoishi au inapokufa.

Onyesho la saa mbili lina nyimbo kama 18 hadi 22. Mpya mbili au tatu hubebeka bila shida. Kosa kubwa ni mahali pa kuziweka. Wengi huzirundika katikati, baada ya wimbo wa taratibu, pale ambapo nguvu ya ukumbi imeshashuka. Hapo ndipo foleni ya bia inapoanza. Weka mpya mwanzoni kabisa, watu wakiwa wamesimama na hamu imejaa, au ya tatu baada ya vibao viwili wanavyovijua. Na usiutangulize kwa hotuba ndefu ya "huu unatoka kwenye albamu yetu mpya". Hotuba hiyo ni kama kuwapa ruhusa ya kutoka.

AC/DC walilielewa hili. Ziara ya Black Ice mwaka 2008 waliifungua kila usiku kwa kibao kipya, Rock 'n' Roll Train. Kwa upande wa pili kuna Iron Maiden: mwaka 2006 walipiga albamu yote ya A Matter of Life and Death, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kugusa vya zamani. Ni ujasiri wa kuheshimiwa, lakini wengi waliolipa tiketi walinung'unika, na sababu yake iko wazi: zaidi ya saa nzima ya nyimbo ambazo masikio hayajazizoea inachosha hata shabiki mwenye mapenzi.

Mfano uliotimia ni wa The Cure. Ziara yao ilianza Riga, Latvia, Oktoba 2022, na walifungua kwa wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, Alone. Wimbo huo unakaribia dakika 7, na sauti ya Robert Smith haiingii mpaka zaidi ya dakika 3 za ala zimepita: ngoma nzito za taratibu, kinanda kinachotanda, besi inayokoroma chini yake. Kwa kanuni za redio huo ni wimbo wa kutupwa. Lakini kwenye giza la ukumbi, watu wakimsubiri mtu aliyesimama mbele ya kipaza sauti bila kuimba, dakika 3 hizo zinafanya kazi ya kuwakusanya. Nyimbo mpya nyingine waliziingiza moja moja kadiri ziara ilivyosonga, na mwisho wa usiku wakawapa watu Friday I'm in Love na Boys Don't Cry. Hakuna aliyerudi nyumbani akidai.

Albamu yenyewe, Songs of a Lost World, ilitoka Novemba 1, 2024, miaka miwili baadaye. Kufikia hapo nyimbo zilikuwa zimeshapimwa mbele ya watu usiku baada ya usiku, na mashabiki walikuwa wakizidai. Ilishika namba 1 Uingereza, mara ya kwanza kwao tangu Wish ya 1992. Tunaamini hii ndiyo njia sahihi kwa bendi kongwe: jukwaa kwanza, duka baadaye.

Kwa nini albamu Chinese Democracy ya Guns N' Roses ilikwama wakati jina la bendi lilikuwa kubwa vile?

Ilinganishe na albamu Black Ice ya AC/DC, maana zote zilitoka mwishoni mwa 2008 na zote zilitumia mbinu moja: Marekani ziliuzwa na mnyororo mmoja wa maduka peke yake. AC/DC walikuwa Walmart, Guns N' Roses walikuwa Best Buy. Wiki ya kwanza Marekani, Black Ice iliuza nakala 784,000. Chinese Democracy iliuza 261,000 na kuingia namba 3.

Tofauti haikuwa duka. AC/DC walikuwa barabarani mwezi uleule. Guns N' Roses walianza ziara zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Desemba 2009, wakati moto umeshazimika. AC/DC walikuwa na watu walewale wanaojulikana. Kwa Guns N' Roses, mpiga gitaa Slash na mpiga besi Duff McKagan walikuwa wameondoka, na kwa shabiki wa gitaa Slash ni nusu ya jina. Na juu ya yote, albamu iliyochukua zaidi ya muongo mmoja kutengenezwa inabeba matarajio ambayo hakuna wimbo unaoweza kuyatimiza. Nyimbo zenyewe, tunaona, ni bora kuliko sifa yake.

U2 walikosea kwa namna nyingine. Septemba 2014 albamu yao Songs of Innocence iliwekwa bure kwenye akaunti za iTunes za watu wapatao milioni 500, hata wasioitaka. Ndani ya siku chache Apple ililazimika kutengeneza ukurasa wa kuifuta. Nyimbo hazikuwa mbaya, lakini kitu ambacho mtu hakukichagua hukiona kama uchafu ulioletwa mlangoni.

Pesa inatoka wapi hasa? Wimbo mpya unalipa nini?

Peke yake, kidogo. Marekani, kiwango cha kisheria cha 2023 kilikuwa senti 12 kwa kila wimbo usiozidi dakika 5, kwa kila nakala ya CD au santuri, na pesa hiyo ni ya watunzi. Albamu ya nyimbo 10 inaleta dola 1.20 kwa nakala. Nakala 50,000 ni dola 60,000. Wakiwa watunzi wanne kwa mgao sawa, kila mmoja ana 15,000 kabla ya kumkatia anayesimamia haki zake. Mpiga ngoma ambaye jina lake halimo kwenye utunzi hapati kitu katika fungu hili. Ndiyo maana ugomvi wa majina ya watunzi huvunja bendi. Siku hizi prodyuza naye huingia: wimbo Angry wa Rolling Stones una majina ya Jagger, Richards na Andrew Watt.

Faida kubwa ya wimbo mpya iko pembeni yake. Unaipa ziara sababu, na ziara inauza tiketi na fulana. Unawarudisha watu kwenye nyimbo za zamani, na Marekani muziki wenye zaidi ya miezi 18 ndio unaobeba zaidi ya asilimia 70 ya usikilizaji na mauzo yote. Hapa umiliki ndio unaoamua. Metallica wanamiliki masta zao, yaani rekodi zenyewe, tangu mwishoni mwa 2012. Tamthilia ya Stranger Things ilipotumia wimbo wao Master of Puppets wa 1986 mwaka 2022, vijana wengi waliusikia kwa mara ya kwanza, na Aprili 2023 bendi ikaleta 72 Seasons wakati masikio hayo bado yako wazi. Bendi iliyouza masta zake ujanani hupata makombo ya bahati kama hiyo.

Mimi nimezaliwa Zanzibar kama Freddie Mercury. Queen kwa nini hawatoi albamu mpya na Adam Lambert?

Walishajaribu njia hiyo, na mwimbaji mwingine. Mwaka 2008, kwa jina la Queen + Paul Rodgers, walitoa The Cosmos Rocks. Ilifika namba 5 Uingereza kisha ikasahaulika haraka. Rodgers ni mwimbaji hodari wa roki yenye damu ya bluzi, lakini Queen waliishi kwa sauti inayopanda kama opera na kucheka ndani ya wimbo mmoja. Walichokitoa na kikapokelewa baada ya Freddie kufariki 1991 ni chenye sauti yake mwenyewe: albamu Made in Heaven ya 1995, iliyoshika namba 1 Uingereza, na wimbo Face It Alone wa 2022, uliotokana na rekodi za miaka ya 1980. Lambert amekuwa nao kwenye ziara kwa zaidi ya miaka 10, na kwa kuimba vya zamani anatosha kabisa.

Haina maana kwamba mwimbaji mpya hawezekani. Linkin Park walimpoteza mwimbaji wao Chester Bennington mwaka 2017. Septemba 5, 2024 walimtangaza Emily Armstrong, na siku hiyohiyo wakatoa kibao kipya, The Emptiness Machine, wakakipiga mbele ya watu na kuanza ziara mwezi huohuo. Kwenye wimbo huo Mike Shinoda, aliyekuwa kwenye bendi tangu zamani, ndiye anayeanza kuimba. Sauti ya Emily inaingia baadaye, sikio likiwa limeshatulia kwenye bendi inayoifahamu. Ni ufundi mdogo, lakini tunaona ulisaidia sana.

Albamu nzima ya nini? Si bora watoe wimbo mmoja mmoja mtandaoni?

Kwa mwanamuziki kijana, sawa. Kwa wakongwe, mnunuzi wao anataka kitu cha kushika mkononi, na santuri ina masharti yake. Upande mmoja unasikika vizuri ukiwa na kama dakika 22. Ukiujaza zaidi, mifereji inabanwa, sauti inapungua nguvu na besi inakonda. Hackney Diamonds ina kama dakika 48, kwa hiyo inaingia kwenye santuri moja kwa kubanwa kidogo. 72 Seasons ina dakika 77 na inataka santuri mbili, na bei inapanda.

Kingine ni foleni ya viwandani. Kuchapa santuri huchukua miezi, na mwaka 2023 Metallica walinunua sehemu kubwa ya kiwanda cha Furnace, Virginia. Kwa hiyo bendi inahitaji tarehe ya mwisho isiyosogea. Rolling Stones walikuwa wamekaa miaka 18 bila albamu ya nyimbo zao wenyewe, wakirekodi vipande na kuviacha, mpaka Jagger alipoamua kwamba kazi iishe ifikapo Siku ya Wapendanao, Februari 2023. Santuri zilikuwa madukani Oktoba 20.