Jibu: Kwa nini ninauawa kila nikielekea kaskazini kutoka Goodsprings?

Ndugu, umeuliza kwa nini kila ukitoka Goodsprings, mji unakoanzia, kuelekea kaskazini unauawa kabla ya kufika Vegas, ilhali mchezo wa video wa Fallout: New Vegas haukuambii popote kwamba njia hiyo imefungwa. Kwa kweli haijafungwa, bali inalindwa. Upande huo kuna nyigu wakubwa wenye sumu, na kwenye machimbo ya mawe karibu na Sloan yamejaa majitu yenye kucha ndefu, ambayo silaha za mwanzo haziwezi kuyaangusha.

Waliotengeneza mchezo huo, uliotoka mwaka 2010, walikusudia uzunguke kusini, upitie miji midogo ya Primm, Nipton na Novac, ndipo upande hadi Vegas. Nakusihi usiione safari hiyo kuwa adhabu, kwa sababu utamu wa hadithi uko huko. Ukikaribia Nipton utaona moshi, kisha mtu atakujia mbio akishangilia kwamba ameshinda bahati nasibu, na ukisonga mbele utawakuta wenzake wametundikwa misalabani kandokando ya barabara. Hapo unalielewa jeshi la Caesar, kundi katili lililofanya unyama huo, hata kabla hujazungumza nalo. Mimi huzima redio kila ninapoingia pale.

Nenda polepole na upekue kila nyumba. Huko Novac, mtafute mlenga shabaha anayelinda usiku ndani ya kinywa cha sanamu ya dinosaria, umsaidie jambo atakalokuomba, kwa kuwa akikubali kufuatana nawe, maadui wa mbali huonekana wazi unapolenga bunduki.