Uvimbe Mgumu kwenye Korodani ya Mtoto

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Nikimwosha niligundua kuwa korodani yake ya kushoto imekuwa ngumu na nzito kuliko mwenzake, na hata nilipoibonyeza hakulia. Bibi yake alisema ni busha, tumkande kwa mafuta ya habasoda. Hospitalini amepigwa picha ya ultrasaundi na kutolewa damu, na sasa daktari asema huenda korodani ikaondolewa. Je, hakuna dawa ya kuuyeyusha uvimbe huo? Akikua ataweza kuzaa?
Mama mwenye wasiwasi, Kisauni, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama, na umefanya vyema kutokawia. Bibi alisema kwa mazoea ya Pwani yetu, ambako mabusha ya watu wazima yaletwayo na minyoo ya mbu yanajulikana tangu zamani. Busha la mtoto ni maji, na ukilimulika kwa tochi gizani mwanga hupenya, ilhali uvimbe mgumu huuzuia. Hata hivyo maji yaweza kuuzunguka uvimbe, ndiyo sababu ya ile ultrasaundi. Kumkanda acheni kabisa.

Damu aliyotolewa hupimwa protini iitwayo alfa-fetoprotini, ambayo kwa mtoto mchanga huwa juu kwa maumbile na kushuka katika mwaka wa kwanza. Kwa umri wa mwanao, ikiwa juu sana, yaelekea uvimbe ni saratani ya seli za uzazi, na hapo hakuna dawa inayoshika nafasi ya kuitoa korodani nzima. Ikiwa ya kawaida, na picha ikaashiria teratoma, aina ya uvimbe ambayo kabla ya balehe si saratani, mara nyingi daktari huweza kuutoa uvimbe peke yake, huku maabara ikichunguza kipande mtoto akiwa bado kwenye nusukaputi. Muulize jambo hili kabla ya siku ya upasuaji, wala usione haya.

Muulize pia atapasua wapi. Njia sahihi ni kinenani, kwa sababu kuupasua mfuko wa korodani wenyewe, au kuuchoma sindano ili kuchukua kipande, kwaweza kumwaga seli za saratani na kuzifungulia njia mpya ya kusambaa.

Saratani ikiwa haijatoka nje ya korodani, watoto wengi hawahitaji kemotherapia, yaani dawa za kuua seli za saratani. Hufuatiliwa kwa picha na kwa kipimo kilekile cha damu, ambacho baada ya upasuaji hupungua kwa nusu kila siku 5 hivi. Kisiposhuka, au kikipanda tena, ndipo kemotherapia huanza, na hata hapo walio wengi hupona. Kwa hiyo usikose kliniki hata moja, ijapokuwa mtoto anacheza na kula vizuri.

Kuhusu kuzaa, korodani moja iliyo nzima humtosha mwanamume: atabalehe, ataota ndevu, na kwa kawaida ataweza kupata watoto. Akipata akili, mweleze mwenyewe yaliyompata, na umfundishe kuipapasa iliyobaki anapooga.