Maswali ya Wasomaji: Umati, Halaiki, Zefe au Nyomi?

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilayani Nachingwea. Katika muhtasari wa mkutano wetu mkuu niliandika kwamba "umati wa watu walihudhuria". Mwenyekiti alifuta "umati" akaandika "halaiki", akieleza kwamba hilo ndilo neno zito zaidi. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Lindi)

Jibu: Ndugu katibu, kwa shughuli ya muhtasari maneno yote mawili hayafai. Wanachama walioitwa kwa tangazo, wakasaini daftari la mahudhurio na kusubiri akidi itimie, ni wajumbe wa mkutano, nao hutajwa kwa idadi. Atakayeusoma muhtasari huo baadaye atataka kujua kama akidi ilitimia, na neno zito halitamsaidia.

Hata hivyo, nje ya muhtasari swali lenu lina uzito wake. Umati una asili moja ya Kiarabu na neno umma, nao hutaja watu wengi waliokusanyika bila kuhesabiwa wala kupangwa, kama wale wanaojaa Uwanja wa Ilulu siku ya mechi. Halaiki nalo limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya viumbe, na katika maandishi ya zamani hulingana sana na umati. Hapa Tanzania, lakini, limepata kazi ya pili: vijana wa halaiki ni wale waliofunzwa kwa wiki nyingi, wakavalishwa sare na kuonyesha michezo ya viungo na maumbo mbele ya mgeni rasmi katika sherehe za kitaifa. Kwa hiyo mwenyekiti wako akiandika kwamba halaiki ilihudhuria mkutano wa korosho, msomaji anaweza kuwaona wanafunzi wakijipanga kuandika kwa miili yao jina la chama. Sidhani kama alikusudia hivyo.

Kuna pia suala la upatanisho, ambalo mwenyekiti hakuligusa. Kiima cha sentensi yako ni umati, si watu, hivyo Kiswahili sanifu kinataka "umati wa watu ulihudhuria", na vivyo hivyo "halaiki ilikusanyika" na "kundi liliondoka". Ukitaka kueleza waliyoyafanya watu mmoja mmoja, anza sentensi mpya: "Umati ulisimama. Wengine walilia." Wapo wanaodai kwamba kusema "umati wa watu" ni kurudia jambo moja mara mbili. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu nafasi hiyo ya "wa watu" ndiyo tunayoitumia tunaposema umati wa waombolezaji au umati wa mashabiki. Wenye hamu ya kusahihisha waligeukie kwanza "mbele ya kadamnasi", kwa maana kadamnasi lenyewe, kwa asili yake, ni "mbele ya watu".

Swali: Huku kwetu Mikindani, watu wanapotembea mitaani kwa dufu na kaswida wakati wa Maulidi, gazeti moja liliita jambo hilo maandamano. Wazee walikasirika. Je, walikuwa na haki? (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Kwa kamusi hawakuwa na haki, lakini kwa masikio ya leo walikuwa nayo. Kuandamana ni kufuatana, kutokana na kuandama, kitenzi kilekile tunachokitumia tunaposema mwezi umeandama, na hakuna ndani yake bango wala madai yoyote. Ila kwa kuwa siku hizi neno hilo huambatana mno na habari za siasa na polisi, mwandishi makini angetumia zefe, ambalo wengine hulitamka zafa, kwa sababu linataja mwendo wa sherehe wenye ngoma na nyimbo.

Msafara ungefaa kidogo tu. Hilo ni neno la safari, la watu wanaotoka mahali pamoja kwenda pengine, nalo halijali wingi wala usafi wa wanaokwenda. Ndiyo maana methali inatukumbusha kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Foleni ni jambo jingine kabisa, maana ndani yake kuna zamu. Abiria wanaongoja pantoni ya kwenda Kitunda ni foleni maadamu kila mmoja anajua aliye mbele yake. Zamu ikivunjika na watu wakaanza kusukumana, huo ni msongamano, hata kama hakuna aliyeongezeka.

Swali: Mwanafunzi wangu aliandika katika insha kwamba "Nangwanda Sijaona kulikuwa na nyomi", yaani katika uwanja huo kulikuwa na umati. Nimkate alama? (Mwalimu, Newala)

Jibu: Mwalimu, ikiwa sentensi hiyo imo katika mazungumzo ya mhusika aliye uwanjani, mwachie, kwa sababu ndivyo vijana wanavyosema. Ikiwa ni maelezo ya mwandishi mwenyewe, mkate alama moja na umwonyeshe vitenzi: watu walimiminika, yaani walikuwa bado wanaingia kwa wingi kutoka pande mbalimbali, au uwanja ulifurika watu, yaani nafasi ilikuwa imekwisha. Pia mwonye kuhusu kurundikana. Hilo ni la magunia na takataka, na linapotumiwa kwa watu hubeba dharau ambayo huenda hakuikusudia.