Maswali na majibu: Mnalionea tanuri

*Mabamba yangu ya oksidi ya lithiamu na kobalti (elektrodi za betri, za unga uliochomwa tanurini) yanapasuka na kufura malengelenge. Nipandishe joto hadi ngapi?*

Usipandishe. Kila anayeuliza hili hutaja kilele cha joto tu, hasemi alikifikiaje. Bamba liliharibika mapema. Gundi iliyoshika unga huungua na kuwa gesi kati ya nyuzi 200 na 500 za Selsiasi hivi. Ukipita hapo mbio, gesi hujitobolea njia. Panda nyuzi moja kwa dakika, na bamba nene polepole zaidi. Kwenye nyuzi 1000 utapata balaa jingine: lithiamu hutoroka, uso ukabaki oksidi ya kobalti tupu. Funika bamba, ongeza lithiamu kidogo kwenye mchanganyiko. Na wanaosugua mabamba bila barakoa waache leo. Vumbi la kobalti huharibu mapafu.

*Bamba limeng'ang'ania kigae cha alumina (oksidi ya alumini).*

Lithiamu hula alumina. Tumia kigae cha magnesia (oksidi ya magnesi).

*Nifanyeje bamba lisibaki na tundu hata moja?*

Kwa nini? Kama betri yako ina elektroliti (kipitisha-ioni kati ya elektrodi) ya kimiminika, matundu ndiyo barabara ya ioni, yaani chembe za lithiamu zenye chaji. Piga hesabu: bamba la maikromita 200 lenye matundu asilimia 30 lina takriban miligramu 70 za oksidi kwa kila sentimita ya mraba. Kwa miliampia-saa 140 kwa gramu, unapata karibu miliampia-saa 10 kwa kila sentimita ya mraba. Elektrodi ya kawaida ya kupakwa hutoa 3 au 4. Faida unayo tayari, kwa kuwa hakuna gundi wala kaboni ndani. Bamba lisilo na matundu linahitaji fuwele zilizopangwa zielekee upande ioni zinakopita, na hilo halipatikani kwa kukandamiza unga tu. Ila msiwaahidi watu chaji ya haraka: unene ukiongezeka mara mbili, muda wa ioni kupenya huongezeka mara nne.

*Fosfati ya chuma na lithiamu nayo niichome kwenye hewa?*

Hapana! Chuma kitaoksidika. Tumia naitrojeni au agoni.

*Bamba langu la titaneti (oksidi ya lithiamu na titani) ni jeupe na halipitishi umeme. Nilitupe?*

Usilitupe. Likipokea lithiamu hugeuka buluu na kuanza kupitisha. Ujazo wake hubadilika chini ya asilimia moja, ndiyo maana halipasuki. Ukiliunganisha na la kobalti utapata volti 2.3 hivi, kwa hiyo msiniandikie tena kwamba betri "imeshindwa kufika 3.7", volti za betri ya kawaida ya lithiamu.