Thorakostomia si kupasua kifua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifasiri nyaraka za hospitali na kukaa kama mkalimani kati ya madaktari na wagonjwa, na hakuna neno lililowahi kuniaibisha kama thorakostomia. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, niliwasomea ndugu wa mgonjwa mmoja fomu ya ridhaa, nikawaambia kwamba mzee wao angepasuliwa kifua. Mwanawe mkubwa aliirudisha kalamu mezani, akasema kwamba baba yake hawezi kupasuliwa kifua akiwa amedhoofika namna ile, bora warudi naye nyumbani. Ikabidi daktari mwenyewe aitwe, achore nyuma ya karatasi mbavu mbili na mrija uliopita katikati yake, ndipo saini ikapatikana. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu fomu ilizungumzia kutoboa tundu dogo na kupitisha mrija wa kutolea hewa au majimaji yaliyojikusanya kifuani, wala haikutaja popote kufungua kifua.

Tangu siku hiyo, nikikutana na neno la upasuaji huanza kulisoma kutoka mwisho. Maneno matatu yanayochanganywa sana, yaani thorakotomia, thorakostomia na thorakosentesisi, yote yanaanza na neno la Kigiriki lenye maana ya kifua, kwa hiyo mwanzo wake hausaidii kuyatofautisha. Mwisho ndio unaoeleza kitendo. Tomia ni kukata, stomia inatokana na neno lenye maana ya mdomo, na sentesisi ni kudunga. Katika thorakotomia daktari mpasuaji hukata na kuzitanua mbavu ili aone na kushika kilichomo ndani, na mgonjwa huwa amelazwa kwa nusukaputi. Katika thorakostomia huachwa mdomo mdogo ubavuni, mara nyingi kwa sindano ya ganzi tu, kisha hupitishwa mrija unaoweza kubaki hapo kwa siku kadhaa. Thorakosentesisi ni sindano inayoingia, ikavuta maji, ikatoka. Kati ya mbili za kwanza kuna tofauti ya herufi moja tu, s, nami nimeona nyaraka zilizopigwa chapa kwa haraka ambamo herufi hiyo imeanguka. Ukiona thorakotomia kwenye karatasi inayotaja pia ganzi, mrija na chupa, usifasiri kabla hujamuuliza aliyeiandika.

Jambo la pili ambalo limenigharimu muda mwingi ni msemo wetu wa kila siku, "maji kwenye mapafu". Wagonjwa wanausema, wauguzi wanausema, na mimi niliusema kwa muda mrefu, ingawa katika habari ya mrija huu unapotosha. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na upande wa ndani wa mbavu umetandazwa utando mwingine. Kati ya tando hizo mbili kuna nafasi finyu yenye majimaji kidogo tu ya kuzifanya ziteleze mtu anapopumua. Hewa, damu, usaha au maji yakijikusanya katika nafasi hiyo, pafu hukosa mahali pa kutanukia, likasinyaa. Mrija unaishia kwenye nafasi hiyo na haukusudiwi kuingia katika pafu lenyewe. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba maji yako kwenye mapafu hufikiri, na ana haki ya kufikiri hivyo, kwamba pafu lake litatobolewa. Siku hizi nasema "maji yaliyojikusanya kifuani, nje ya pafu", na nimeona mabega ya watu yakishuka kwa sentensi hiyo moja. Kuna maji yanayoingia ndani ya pafu lenyewe, kwa mfano moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, lakini hayo hayatolewi kwa mrija, na ndiyo sababu nyingine ya kutoyaita yote kwa jina moja.

Mahali pa kupitishia mrija pana maneno yake pia. Kwa kawaida ni ubavuni, usawa wa chini kidogo ya kwapa, katika nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, na daktari hupita juu ya ukingo wa juu wa ubavu kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu hulala chini ya ukingo wa chini. Mfasiri akigeuza juu kuwa chini hapo, ameharibu maelekezo yote.

Halafu kuna chupa yenye maji, ambamo ncha ya nje ya mrija huishia. Mwaka 1875 tabibu Mjerumani Gotthard Bülau alitumia mrija ambao ncha yake ya nje ilizamishwa majini, na katika nyaraka za Kijerumani bado utalikuta jina lake likitumika kuutaja utaratibu huo. Ncha ikizama kama sentimita 2, hewa ya kifuani hutoka kwa mapovu na haiwezi kurudi. Mgonjwa akipumua, maji ndani ya mrija hupanda na kushuka. Yakitulia, huenda mrija umeziba au umepinda, au pafu limeshatanuka na kuijaza nafasi yake. Chupa lazima ikae chini ya usawa wa kifua muda wote, hata mgonjwa anapohamishwa kitanda.

Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kilinitega. Niliandika katika karatasi ya maelekezo kwamba mrija unaotoa mapovu usifungwe, nikikusudia usizuiwe kupitisha hewa, kwani hewa ikikosa njia hubaki kifuani na kulikandamiza pafu. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Usifungwe hata kwa uzi? Si utachomoka?" Alikuwa na haki. Tangu hapo naandika kubana pale mrija unapozuiwa kwa koleo, kushikiza pale unaposhonewa kwenye ngozi, na kuziba pale damu iliyoganda inapoujaza, na neno kufunga nimeliachia kidonda, baada ya mrija kutolewa.